Mayai Yaliyotikiswa

Mwenye mashine ya kutotolea vifaranga alikuja mwenyewe Jumapili hiyo, na alikuja na ndoo. Hakuomba kiti wala maji ya kunywa. Aliitua ndoo katikati ya ua, akaifunua, na kuku waliokuwa wakichakura karibu wakahama wenyewe.

Mama Vifaranga hakuwa mtu wa kuogopa harufu. Jina hilo alipewa na wateja wake, na miaka minne ya kufuga kuku wa mbegu ilikuwa imemzoesha kufagia kinyesi alfajiri na kunywa chai dakika tano baadaye bila kukunja uso. Lakini ndoo ile ilimshinda. Mle ndani mlikuwa na mayai yake, yale aliyoyachagua moja moja kwa mkono wake, yamepasuliwa yote. Mengine yalikuwa maji ya kijani. Mengine yalikuwa na vifaranga vilivyoishia njiani, jicho moja kubwa jeusi na ngozi isiyo na manyoya, vimelala katika ute uliokuwa umeanza kutoa mapovu. Alifunika pua kwa kiganja. Kinyaa kilimpanda hadi kwenye masikio.

Mgeni alieleza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha maliza hasira zake njiani. Katika mayai mia tatu vilitoka vifaranga sitini na viwili. Wiki iliyotangulia vilitoka themanini, na ile ya kabla yake tisini, na zamani havikuwahi kupungua mia mbili na hamsini. Majogoo hawana kosa, alisema, maana mbegu imo. Basi jana mzigo mpya ulipofika aliamua kuumulika kwa tochi kabla ya kuuingiza kwenye mashine, na hapo ndipo alipoona. Kile kifuko cha hewa kinachokaa upande butu wa yai kilikuwa kimebanduka, kinaelea huku na huko.

"Mayai haya yametikiswa," alisema. "Hayakuangushwa, yangepasuka. Yametikiswa, tena na mtu asiyeyaonea huruma. Mkiniletea mengine ya namna hii, mama, nitatafuta kwingine."

Basi Mama Vifaranga akamtazama wifi yake. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna haja ya kuipamba. Wifi alikuwa amesimama mlangoni pa banda na trei mikononi, na yeye ndiye aliyeokota mayai ya nyumba ile kila siku, asubuhi, mchana na alasiri. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka, anayefunga milango kwa kiuno. Miezi miwili nyuma alijikwaa kwenye kizingiti akavunja mayai manane. Yeye ndiye dada mkubwa wa mume wa Mama Vifaranga, na ndiye aliyemlea huyo mume tangu akiwa na miaka sita, mama yao alipofariki. Alipofiwa na mumewe alihamia chumba cha nyuma cha nyumba hiyo, na tangu siku hiyo hakuwahi kula chakula cha hapo bila kwanza kukitolea jasho.

Mume naye alikuwapo uani. Alikuwa karani wa ghala la saruji, na mtaa mzima ulimwita Rubani kwa namna alivyoliendesha gari lake dogo, ingawa ndege alizijua kwa kuzisikia zikipita juu. Mgeni alipotamka kwamba mayai yametikiswa, Rubani aliinama akafunga kamba ya kiatu. Mkewe aliliona hilo na hakulitilia maanani, maana kamba ya kiatu ni kamba ya kiatu.

Gari lenyewe lilikuwa jambo la kuchosha masikio. Wiki sita kabla ya ndoo ile, Rubani alikuwa amelala chini yake siku mbili mfululizo. Alimweleza mkewe, ambaye hakuuliza, kwamba injini ya gari haikai juu ya chuma moja kwa moja. Inashikiliwa na raba, na raba za gari lake zilikuwa laini mno, zinaiacha injini iyumbe kila anapokanyaga mafuta. Madereva wa mashindano huzikaza. Yeye angezikaza pia, kwa akili yake na kwa vitu vilivyopo nyumbani. Alipomaliza aliwazungusha majirani wawili kuwaonyesha gia zinavyoingia, na kwa wiki nzima chakula hakikuliwa bila gia kutajwa.

Mama Vifaranga alilipanda gari hilo mara moja tu baada ya hapo, kwenda msibani. Meno yaligongana kinywani. Kioo cha kutazamia nyuma kilitetemeka hata nyuso za watu zikawa mbili mbili, na kiti kilimpiga mtetemo uliomtoka mgongoni mpaka kwenye visigino. Rubani alimwambia raba zikizoea zitatulia. Mkewe alikuwa na kuku mia moja na hamsini wa kuwaza, akaamini. Tangu hapo hakulipanda tena. Siku za kazi Rubani alipitiwa na lori la ghala, na kila Jumamosi yeye peke yake ndiye aliyepeleka trei kwenye mashine, mwendo wa saa nzima, ikiwamo nusu saa ya kusubiri foleni kwenye daraja linalojengwa.

Jioni ya Jumapili hiyo, ndoo ilipokwisha kufukiwa nyuma ya choo, Rubani mwenyewe ndiye aliyelianzisha. Alisema huenda dada amechoka. Alisema umri nao ni kitu, mikono haiwi ileile. Shangazi yao ana nyumba, hatakosa pa kumlaza. Mama Vifaranga alijua pa kulala penyewe: stoo, kati ya magunia ya mkaa, kwa mwanamke ambaye alihesabu hata vijiko vya sukari wanavyokoroga wageni. Lakini alikuwa bado na harufu ya ndoo puani, na jina lake kwa wateja lilikuwa linaning'inia. Alikubali. Walipanga Rubani amwambie dada yake Ijumaa, akirudi kazini, ili Jumamosi mayai yaokotwe na mkono mwingine.

Wifi hakuambiwa kitu, ila mtu mzima haambiwi ndipo ajue. Siku zile tano alitembea kwa kunyata. Aliacha kufunga milango kwa kiuno. Aliokota yai kwa mikono miwili na kulilaza kwenye trei, ncha chini, huku amezuia pumzi, na mara mbili Mama Vifaranga alimkuta amesimama bandani akijitazama viganja.

Ijumaa asubuhi Mama Vifaranga alikwenda kuwasha gari akachukue chakula cha kuku kinuni. Halikufika hata kona ya pili. Bomba la moshi lilidondoka kwa kishindo, likaburuzwa kwenye lami likitoa cheche, na watoto wakamshangilia. Alilifunga kwa waya akajikokota nalo mpaka kwa fundi wa karibu, mzee mmoja aliyeitwa Fundi Taratibu, ambaye hakuwahi kumaliza kazi siku aliyoahidi na hakuwahi kuirudia kazi aliyoimaliza.

Fundi Taratibu alilitazama bomba, akatazama pale lilipokatika, akashusha pumzi kama daktari aliyeletewa mgonjwa aliyekwisha mkatia tamaa. Akafungua boneti.

"Njoo uone," alisema.

Mama Vifaranga aliinama. Chini ya injini, mahali panapotakiwa kuwa na raba safi yenye nafasi za kunesa, palijaa kitu cheusi kilichofurika nje na kuganda kikining'inia. Ilikuwa gundi ile ya kubandikia vioo vya mbele vya magari. Rubani alikuwa ameimwaga ndani ya kila tundu mpaka ikatapika. Ndani ya ute ule mkavu mlinasa mchanga, nywele, nzi wawili na unyoya wa kuku. Kwenye raba ya upande wa gia hakuridhika na gundi peke yake. Alikuwa ameshindilia vipande vya mpira vilivyokatwa kwa kisu, na Mama Vifaranga akavitambua. Zilikuwa ndara zake za bafuni, za samawati, alizokuwa amezitafuta mwezi mzima hadi akamshuku jirani.

Fundi hakumwachia hata nafasi ya kucheka. Alichukua kikombe cha bati, akakijaza maji, akakiweka kwenye kiti cha nyuma, pale pale trei za mayai hukaa. Akawasha injini na kuiacha ingurume yenyewe bila kukanyagwa. Maji yalianza kuruka. Hayakutikisika, yaliruka, vitone vikatapakaa kitini, na kikombe kikatembea polepole mpaka kikaanguka. Kisha akakijaza tena na kukiweka ndani ya gari la mteja mwingine lililokuwa limesimama kando. Injini iliponguruma, maji yalifanya vijimistari tu juu, yakabaki kikombeni.

"Raba kazi yake ni kumeza mtetemo," alisema. "Ukiifanya jiwe, mtetemo wote unahamia kwenye bodi, kwenye viti, kwenye kila kilichobebwa. Zaidi ukiwa umesimama kwenye foleni. Nilimwambia bwana wako siku aliyoniletea nimfungulie bolti zilizomshinda. Nikamwambia, gari hili linabeba mayai ya kutotoa, acha huu mchezo. Akanijibu mayai hayana mifupa."

Mama Vifaranga alisema labda hakuelewa.

"Alielewa. Alirudi hapa mara ya kwanza mayai yalipoharibika. Akaniuliza kama mtetemo unaweza kuliua yai. Nikamwambia mimi si kuku, lakini ningekuwa yai ndani ya gari hili ningekufa kabla ya daraja. Nikamwambia tuitoe hii takataka, tufunge raba za kawaida, kazi ya nusu siku. Akasema ngoja kwanza, maana gia ndiyo zimeanza kuwa tamu."

Ilikuwa saa sita kasoro. Mama Vifaranga alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaisikiliza hiyo sentensi ikimzunguka kichwani. Basi Rubani alijua. Alijua Jumapili alipoinamia kamba ya kiatu. Alijua jioni ile alipomtafutia dada yake pa kulala kati ya mkaa. Mwanamume mzima, aliyelishwa kwa kijiko na mikono ileile, aliona afadhali mikono hiyo ichafuliwe kuliko gia zake zipungue utamu. Alishawahi kumkasirikia mumewe mara nyingi, kama kila mtu aliyeolewa, lakini hii haikuwa hasira. Ilikuwa kinyaa kilekile cha ndoo, safari hii na sura ya mtu aliyelala naye kitanda kimoja. Alijikuta akijifuta mkono kwenye gauni, ule aliompa asubuhi kumuaga.

Fundi aliuliza kama afungue raba saa hiyo hiyo. Mama Vifaranga alisema hapana, achomelee bomba tu. Raba zisubiri kesho. Akamwomba achokoe kwa bisibisi kipande kimoja cha gundi chenye ndara ndani yake, amfungie kwenye gazeti.

Hapo ndipo alipokata shauri, na alilikata kwa furaha mbaya. Hatamwambia mtu. Atanyamaza mpaka Rubani arudi, akae kwenye kiti chake, afungue kinywa. Alitaka kuona kwa macho yake: je, ataweza kumwambia dada yake aondoke? Kama ana chembe ya haya itamkaba koo. Asipokuwa nayo, basi anaswe na ulimi wake mwenyewe, mbele ya dada yake, asipate hata pa kuchomokea. Ni saa chache tu, alijiambia.

Nyumbani alimkuta wifi akitoka bandani na trei ya mzunguko wa saa saba. Aliitua mezani taratibu mno, trei ikagusa ubao bila sauti, kisha akabaki ameishikilia.

"Wifi," alisema, "hebu nitazame ninavyoyaweka. Ni sawa hivi? Kama nakosea niambie, nitajifunza."

Neno lilimfika Mama Vifaranga kwenye meno. Lilikuwa neno jepesi, lingetoka kwa pumzi moja. Lakini alimfikiria Rubani, jinsi angepata taarifa mapema na kuja na hadithi iliyopigwa pasi, jinsi angemkumbatia dada yake na kucheka na kuwa mwema bure. Hapana. Alimwambia wifi yake kwamba anaweka sawa, akaingia ndani. Saa tisa na nusu wifi alirudi bandani kwa mzunguko wa alasiri, bado amezuia pumzi, na Mama Vifaranga alimtazama kupitia dirishani huku gazeti limo mfukoni mwake.

Rubani alifika saa kumi na robo. Alinawa vumbi la saruji mikononi, akanawa hadi viwiko, akachukua muda wake. Waliketi sebuleni watu watatu, chai mezani, jua bado kali dirishani. Mama Vifaranga alikaa upande wa pili wa meza apate kuuona uso wa mumewe vizuri. Alikuwa akiuombea, kusema kweli. Aliuombea usite, japo kidogo.

"Dada," Rubani alisema, "tumezungumza, mimi na mwenzangu. Tumeona upumzike. Shangazi ana nafasi, atakupokea kesho."

Wifi aliweka kikombe chini. "Ni kwa ajili ya mayai?"

"Si kosa lako. Mikono imechoka tu. Sisi tunajua hukukusudia."

Akasema hivyo macho makavu, kwa sauti laini ya mtu anayemsamehe mwenzake. Akamimina chai. Akatia sukari vijiko viwili, akakoroga.

Mama Vifaranga alilitoa gazeti, akalifungua mezani kando ya bakuli la sukari. Kile kipande cheusi kilikaa hapo na samawati yake na unyoya wake, kinanuka mafuta ya injini. Alieleza yote bila kupandisha sauti: gundi, ndara, kikombe cha maji kilichotembea kitini, na Rubani kumwendea fundi baada ya mayai ya kwanza. Aliyasema kwa mpangilio aliokuwa ameufanyia mazoezi tangu mchana, na hakuna lililomponyoka.

Rubani alijitetea kwa kila alichokishika. Hakuna aliyethibitisha kwamba ni raba. Halafu, raba zingelainika zenyewe. Halafu, alikuwa anasubiri mwisho wa mwezi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mwishowe alimgeukia mkewe kama mtu anayetafuta shahidi.

"Lakini leo umeliendesha," alisema. "Hukuona gia zinavyoingia?"

Mama Vifaranga alikuwa ameshinda, na alijua ameshinda. Alimgeukia wifi yake akitegemea kukuta uso uliotuliwa mzigo. Hakuukuta.

Wifi hakuwa akikitazama kile kipande. Alimtazama mdogo wake kwa muda, vile mtu anavyoitazama nguo aliyoishona mwenyewe na sasa anaiona ilivyokaa vibaya.

"Umeweza kuniambia," alisema. "Umekoroga na sukari." Kisha akamgeukia Mama Vifaranga. "Na wewe umejua lini?"

"Leo. Nilipopeleka gari."

"Leo saa ngapi?"

Mama Vifaranga aliitazama saa ya ukutani, na wakati ule ule akatamani asingeitazama. "Saa sita," alisema.

"Saa sita." Wifi alitikisa kichwa polepole. "Nimeokota mayai yako mara mbili tangu saa sita. Nikakuuliza kama nayaweka sawa."

Mama Vifaranga alifungua kinywa aeleze kwamba alitaka Rubani aumbuke, kwamba alifanya kwa ajili yake, kwamba zilikuwa saa chache tu. Aliyasikia maneno hayo kabla hayajatoka, na yalikuwa na sauti ya mumewe. Kama angeongea mchana, wifi asingekuwa amelisikia neno lile kutoka kwa mtoto aliyemlea. Yeye ndiye aliyemketisha alisikilize. Alimtandikia kiti, akamtengea na chai.

Wifi aliinuka akaenda chumba cha nyuma. Hakukawia, maana vitu vyake havikuwa vingi. Aliporudi alikuwa na begi moja na viatu vya kutokea. Mama Vifaranga alimwambia kesho raba zinatolewa, kila kitu kinarudi kilivyokuwa, nyumba ni yake. Alimwita wifi, kisha akamwita dada, kitu ambacho hakuwahi kumwita. Rubani alisema, akitazama chini, kwamba kama ni lazima aende, basi atampeleka kwa gari.

"Nitatembea," wifi alisema.

Mama Vifaranga alimfuata uani, akamfuata mpaka langoni, na hapo alinyoosha mkono ambebee begi walau hadi barabarani. Wifi alilihamishia mkono wa pili, akafungua lango, akatoka.